Mpishi wa Jumamosi

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza. Paa la chumba cha habari linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na ndoo imerudi kwenye nafasi yake kati ya meza ya michezo na yangu. Gazeti letu limeanza hadithi mpya ya kila Jumamosi, ukurasa wa kumi na nne, inaitwa "Mezani kwa Bibi". Mwandishi ni Kiwembe, ambaye nimekaa naye chumba kimoja tangu wote wawili tukiwa na meno yetu yote. Jina hilo alilipata enzi za uhariri wake, kwa jinsi alivyokuwa akikata habari za watu bila huruma.

Mimi si msomaji wa hadithi. Nimeandika habari za mahakama maisha yangu yote, na namna watu wanavyoumizana kweli kweli inanitosha. Leo nilisoma tu nikisubiri mvua ipungue. Anayesimulia ni mpishi. Anaeleza anavyomenya vitunguu jikoni kwa bibi tajiri, kwa sauti ya mtu mpole, na kufika aya ya tatu unajua kwamba kichwani mwake kuna kitu kimelegea, ingawa hajasema neno baya hata moja. Chai yangu ilipoa bila mimi kujua. Ni kazi nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoiona leo.

Jumatano, 11 Machi

Maji yameingia masijala ya mahakama. Kesi zote zimeahirishwa. Sikuandika kitu.

Jumamosi, 14 Machi

Sehemu ya pili nimeisoma nimesimama.

Bibi wa kwenye hadithi anamlazimisha mpishi aonje kila chakula mara mbili, kisha asubiri pembeni bila kukaa, huku bibi akitazama saa ya ukutani.

Hilo halikubuniwa. Wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, alikuwa mpishi wa bibi mmoja mwenye nyumba kubwa na tabia hiyohiyo. Bibi huyo alifia kwenye kiti baada ya chakula cha jioni. Ndugu zake wakasema ni sumu. Wifi alikaa mahabusu zaidi ya mwaka, na kaka yangu alifariki yeye akiwa humo. Mkemia hakukuta sumu, daktari akasema ni moyo, jaji akamwachia huru. Kesi ile sikuiandika mimi. Nilimwambia mhariri wa wakati ule kwamba mshtakiwa ni wifi yangu, kwa hiyo ampe mtu mwingine. Akampa Kiwembe.

Habari ya kuonja mara mbili haikutajwa mahakamani. Wifi alimweleza Kiwembe siku tulipomtembelea mahabusu, na alieleza kwa sababu Kiwembe alitia kalamu mfukoni na kusema, "Shemeji, haya si ya gazeti." Nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Jumatatu, 16 Machi

Nilimkuta Kiwembe anapuliza chai. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anakunywa chai. Nikamwambia asinifanye mtoto.

Alisema hakutaja jina la mtu. Nikamjibu kwamba jina ndilo kitu pekee ambacho hakukitaja. Akasema mpishi wake ni mrefu na wifi yangu ni mfupi. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, alikuwa anajitetea, na alikuwa ameufikiria urefu ule kama wakili anavyofikiria ushahidi.

"Dada yangu, hadithi ni hadithi," alisema. "Wasomaji wana akili zao."

Akanipa simu yake nione ujumbe wa wasomaji wenye akili zao. Mmoja anamwita mpishi shetani na kuomba aendelee hivyohivyo. Mwingine anataka bibi afe polepole, wiki tatu hivi. Wa tatu anauliza kama sumu ile inapatikana madukani. Hivyo ndivyo anavyofanya kazi: Alhamisi anasoma ujumbe, jioni anaandika wanachotaka. Mwisho wenyewe haujui. Atawauliza.

Nimefanya kazi na waongo wa kila namna, wenye suti na wasio nayo. Hakuna aliyewahi kuniudhi kama huyu anayeamini kwamba hajasema uongo.

Jumamosi, 21 Machi

Gazeti limeisha mitaani kabla ya saa tatu. Mhariri amepita mezani kwa Kiwembe akampiga bega. Mimi nimesoma. Siwezi kujitetea kwamba nasoma kwa sababu ya kazi. Nilitaka kujua nini kinafuata.

Jumapili, 22 Machi

Nimekula kwa wifi kama kila Jumapili. Anaishi vyumba viwili nyuma ya dobi, na mvua ikinyesha kuta zinanuka sabuni. Gazeti la jana lilikuwa chini ya sufuria, limekunjwa ukurasa wa kumi na nne. Hakulitaja, nami sikulitaja. Aliniambia habari za shule. Ni mpishi wa shule ya msingi sasa, mwaka wa sita, na watoto wanamwita Mama Upawa. Alikuwa anacheka kuhusu mtoto aliyemwomba ukoko awapelekee wadogo zake, akapakia mfukoni mwa kaptula.

Tulipokuwa tunaosha vyombo akasema, bila kunitazama, "Yule rafiki yenu ana kumbukumbu nzuri."

Nikamwambia kwamba si rafiki yangu.

Jumanne, 31 Machi

Mvua siku nzima. Kuna mzazi shuleni amejumlisha moja na moja. Dada mmoja anayefanya kazi duka la dawa, ambaye mwanawe yuko darasa la pili, alikuwa jirani wa yule bibi zamani. Sasa anazungusha kurasa za gazeti langoni asubuhi, akisema yeye hasemi kitu, watu wasome wenyewe. Wifi amenipigia kunieleza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilipokata simu nilipiga meza mpaka mtu wa michezo akageuka.

Jumamosi, 4 Aprili

Hii nitaiandika yote.

Katika sehemu ya leo mpishi anaingia sebuleni na kumkuta bibi amekufa kwenye kiti. Haiti mtu. Anavuta kiti cha pili, anakaa mbele ya maiti, anavuta sahani ya bibi na kula mabaki. Anakula upande wa kulia tu, taratibu, anapangusa mdomo. Upande wa kushoto haugusi. Halafu anaosha sahani, anaikausha, ndipo anapiga yowe. Kiwembe ametumia safu nzima kwenye kijiko kinavyogusa sahani. Nimeandika habari za mauaji ambazo ziliwatoa watu mahakamani wakikimbilia nje kutapika, na sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka na kijiko kile.

Ukweli ni huu, na wifi aliusema siku ileile ya mahabusu. Alimkuta bibi amekufa. Akaona sahani. Akajua watasema nini. Akala kilichobaki chote, pande zote, kwa sababu alifikiri kwamba kama ni chakula chake kimeua, basi na yeye kimuue, asije akaulizwa na mtu. Halafu akaosha sahani kwa mazoea, akaita watu. Wakili wake alimkataza kulisema hilo kizimbani. Mtu anayekula mbele ya maiti, alisema, hakuna jaji atakayemwelewa.

Sasa nchi nzima inakijua kitendo kile, bila sababu yake, na imepewa sababu nyingine.

Na hapa ndipo hasira yangu inaponigeukia. Ile sababu nyingine inakaa vizuri. Kula upande mmoja tu, kama mtu anayejua sumu iko upande gani, kunafungua kila kilichofungwa kwenye kesi ile: kwa nini hakuita mtu mapema, kwa nini mkemia hakukuta kitu kwenye sahani iliyooshwa, kwa nini yeye alipona. Daktari alisema "inaelekea ni moyo". Neno "inaelekea" nimelibeba miaka yote bila kulalamika, maana maisha ndivyo yalivyo. Kiwembe ameliondoa kwa aya moja.

Jumapili, 5 Aprili

Nilikwenda kula. Kulikuwa na wali, maharage na mchicha. Alinipakulia kama siku zote, maharage kushoto, mchicha kulia.

Nilichukua kijiko. Mkono ukasimama.

Sikufikiri chochote. Nataka niwe sahihi katika hili: hakuna wazo lililopita, wala neno. Ni mkono tu, uliosimama juu ya sahani, ukachagua upande. Ukaenda kulia.

Wifi alikuwa bado ameshika mwiko. Aliona. Mtu aliyesimama miaka pembeni ya meza ya mtu mwingine, akitazamwa anapoonja, anajua mkono uliosita unafananaje.

Aliweka mwiko chini. Akachukua sahani yangu, akaimimina yote kwenye pipa, akaiosha, akaikausha, akairudisha kabatini. Dobi upande wa pili alikuwa anapiga pasi na kuimba. Nilisema wifi, nisikilize. Alikaa.

"Nilijua watafika," alisema. "Yule wa duka la dawa, nilimtegemea tangu mwezi uliopita. Mwalimu mkuu pia nilimtegemea. Wewe sikukutegemea."

Nikamwambia ni hadithi imenishika, ni mkono, si mimi. Nilisikia ninavyosema na nikaona aibu. Watuhumiwa wote husema hivyo, mkono, si mimi.

"Umekuwa na kesi yote kichwani," alisema. "Kila karatasi. Kama wewe umeshindwa na gazeti la Jumamosi, wale watashindwaje kunifukuza? Nenda nyumbani, wifi. Mvua inakuja."

Ilikuwa imeshafika. Nilitembea ndani yake.

Jumatatu, 6 Aprili

Kazini. Hakuna jipya.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemwambia Kiwembe kwamba ni mwizi. Akasema nina homa, nikapumzike.

Jumamosi, 11 Aprili

Sikusoma. Saa kumi jioni nikasoma.

Jumatatu, 13 Aprili

Mhariri ameniita. Amesikia, maana chumba cha habari hakifichi kitu. Alifunga mlango na kuniambia ananionea huruma, kisha akanipa suluhisho: niandike ukweli wote wa kesi ile, ukurasa mzima, na picha ya wifi, siku hadithi inapomalizika. Msomaji atapata vyote viwili kwa bei moja. Nilimwona macho yanavyong'aa. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe.

Wifi alipokea simu, jambo ambalo sikulitarajia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walionijua ni wa langoni tu," alisema. "Ukiandika kwamba si mimi, kesho watanijua wa nchi nzima. Acha."

Akakata.

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonichoma. Kitu pekee ninachojua kufanya duniani ni kuandika jambo kama lilivyotokea, na safari hii dawa ingekuwa kali kuliko ugonjwa. Nimemwambia mhariri hapana. Akasema nifikirie tena.

Jumatatu, 20 Aprili

Mwalimu mkuu amemwandikia wifi barua ya adabu nyingi. Kamati ya wazazi itakutana Jumatatu ijayo "kujadili suala la jikoni". Nimeyasikia kwa dobi, maana wifi hanipigii. Akipoteza jiko lile hapati jingine. Ana miaka hamsini na nne, na sasa ana sifa.

Nilikwenda kwa Kiwembe. Safari hii sikumtukana. Nilivuta kiti nikamweleza habari ya barua, kisha nikamweleza habari ya mkono wangu na sahani. Aliinamisha kichwa. Kiwembe nimemjua akiwa mlevi, akiwa mgomvi, akiwa baba wa harusi. Sikuwahi kumwona ameinama namna ile.

Aliniambia wasomaji wanataka mpishi anyongwe. Kisha akasema, basi, hawatapata. Daktari atapanda kizimbani, mpishi ataeleza kwa nini alikula, na jaji atamwachia. Aliandika hapohapo, mbele yangu. Nilisoma. Aya nne za mwisho zilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuandika: mpishi anasema alikula ili afe, na jaji anamwachia. Sikumsamehe, lakini nililala.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimenunua gazeti nje ya ofisi kama msomaji yeyote. Sehemu ya mwisho. Mpishi kizimbani. Jaji anamuuliza kama ni kweli alikula. Mpishi anatabasamu. Mwisho.

Aya nne hazipo. Chini ya tabasamu kuna tangazo la magodoro, nusu ukurasa.

Nilipanda ngazi mbilimbili. Kiwembe alikuwa tayari amesimama mbele ya mpangaji kurasa, uso umemvimba kwa kupiga kelele. Mpangaji kurasa ni mtu mwema, ana macho mekundu siku zote. Alituambia tangazo liliingia Ijumaa jioni, limelipiwa, nafasi haikuwepo, kwa hiyo alikata. Alikata kutoka chini. Alishangaa kuulizwa. Habari hukatwa kutoka chini, ndivyo alivyofundishwa kazi, maana jambo kubwa huwekwa juu na chini hubaki makombo.

Na aliyemfundisha, enzi zile za wembe, ni Kiwembe.

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia kwenye chumba kile. Mmoja alikuwa anafanya kazi yake, mwingine alikuwa analia. Mhariri alisema wataweka sahihisho Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo, Jumatatu itakuwa imepita.

Jumatatu, 27 Aprili

Wazazi walikaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamewafika kifuani. Mvua ilikuwa inapiga bati, kila mtu akalazimika kupaza sauti, hivyo hata waliotaka kunong'ona walisikika. Nilisimama mlangoni. Mwenyekiti wa kamati, fundi magari mwenye koti la kuazima, aliniuliza kama nimetoka gazetini, kwa sababu gazeti halikualikwa. Nikamwambia mimi ni wifi yake. Sikumbuki kusimama kwenye mkutano wowote wa hadhara na kusema mimi ni nani wa nani.

Wifi alikuwa mbele, kwenye kiti cha mwalimu, amevaa aproni. Hakuniangalia.

Dada wa duka la dawa alizungumza kwanza. Alisema yeye hamshtaki mtu, korti ilikwisha kusema, lakini watoto kwanza. Wengi waliitikia. Baba mmoja alisema amesoma hadithi yote na mwisho ule umemnyima usingizi. Mama mwingine alimuuliza kama amekuja kwa sababu ya mwanawe au kwa sababu ya hadithi, wakacheka kidogo, kisha wakaona haya. Mwenyekiti, ambaye nadhani alitaka kila mtu aende nyumbani akiwa salama, alileta pendekezo: Mama Upawa abaki, ila kila siku, kabla ya watoto kula, aonje chakula mbele ya mwalimu wa zamu. Mara moja tu. Mwalimu atie saini.

Kulikuwa na mguno wa nafuu darasa zima. Lilionekana jambo dogo na la haki. Mimi nilifungua mdomo, lakini wifi alikuwa amesimama.

"Yule bibi nilimwonjea mara mbili kila mlo," alisema. "Miaka kumi na moja. Na bado nilipelekwa mahabusu. Kuonja hakukunisaidia kitu. Sitaonja mbele ya mtu tena."

Mwenyekiti alisema mama, hebu fikiria.

"Nimefikiria mahabusu. Kulikuwa na nafasi ya kutosha." Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. "Wali umeiva, na maharage pia. Watoto wanatoka sasa hivi. Kama hamnitaki mimi, nendeni mkawapakulie."

Akakaa.

Kengele ililia. Tukasikia milango, miguu, maji yakirushwa, kisha sahani. Watoto mia nne hivi walipanga mstari chini ya kibaraza cha jikoni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu dirishani, walianza kugonga sahani kwa vijiko. Mwanzoni wachache, kisha wote, kwa mpigo mmoja. Darasani hakuna aliyeinuka. Dada wa duka la dawa alinyanyuka nusu, akatazama nje, akakaa. Mwanawe alikuwa kwenye mstari ule, akigonga kama wengine.

Mwalimu mkuu ni mwanamke wa maneno machache, na mpaka hapo hakuwa ametumia hata moja. Sasa alisimama akavaa viatu vyake vya mpira.

"Wanaotaka aondoke wanyooshe mikono," alisema. "Halafu tufuatane jikoni, maana sufuria zile mtu mmoja hazinyanyui. Na kesho saa kumi na moja alfajiri tukutane kuwasha moto."

Mikono saba ilipanda. Niliihesabu, ni mazoea. Miwili ikashuka ilipokutana na macho yake, mitatu ikashuka yenyewe, na miwili iliyobaki ilitazamana.

Mwenyekiti alikohoa. "Mama, basi, endelea."

"Niendelee na nini?" alisema wifi. "Sema yote. Katibu aandike."

Alisema. Ilibidi mwenyekiti arudie kwa sababu ya bati na sahani: Mama Upawa anaendelea na kazi yake jikoni, bila sharti. Katibu akaandika. Dada wa duka la dawa alitoka kwanza. Alisema mwanawe ataleta chakula kutoka nyumbani, na hiyo ni haki yake.

Wifi alivaa aproni yake akapita mlangoni. Hatukuwa tumezungumza uso kwa uso tangu Jumapili ile. Nilikuwa nimeandaa sentensi, nzuri, fupi, isiyo na kisingizio. Sikupata nafasi ya kuitoa.

"Usisimame hapo kama askari," alisema. "Shika upawa wa maharage."

Nilishika. Sijawahi kufanya kazi ya namna ile. Mvuke unapanda machoni, mkono unauma kabla ya watoto hamsini, na mstari haupungui. Nilikuwa bado na hasira, na Kiwembe, na magodoro, na mkono wenyewe ulioshika upawa. Mtoto mmoja mwenye pengo alitazama sahani yake, akanitazama mimi, akamgeukia mwenzake na kumwambia, kwa sauti ya kutosha, kwamba huyu mpya ni bahili.

"Mwongeze," alisema wifi, bila kugeuka.

Nikamwongeza.